Kodi Isiyotaka Kulipwa

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nitaanza na kopo. Babu yangu mzaa baba alikuwa na kopo la biskuti, la bati, ambalo siku zote lilikaa chini ya kitanda chake. Alipofariki tukalifungua. Hatukukuta fedha. Tulikuta vikaratasi vimekunjwa na kufungwa kwa uzi wa katani: stakabadhi za kodi ya kichwa, za miaka mingi ya utawala wa Mwingereza. Bibi ndiye aliyetueleza kwa nini babu hakuzitupa hata baada ya Uhuru. Enzi zile wakusanya kodi waliingia kijijini alfajiri, watu wakiwa bado ndani, na asiyekuwa na karatasi ya mwaka huo alichukuliwa akalime barabara mpaka deni liishe. Karatasi ile ndiyo iliyomwacha mtu alale nyumbani kwake.

Wazee hapa mnaijua habari hii kuliko mimi. Mjerumani alianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, Mwingereza akaja na sheria yake ya kodi ya kibanda na ya kichwa mwaka 1922. Fedha zilitakiwa, lakini zaidi ya fedha ilitakiwa mikono: mtu atoke kwenye shamba lake la mihogo aende kukata mkonge, kwa sababu kodi hailipwi kwa mihogo. Serikali ile ilitaka ulipe, na ilikufuata mpaka porini.

Nimekuja na kopo la babu kwa sababu jioni ya leo nazungumzia kodi nyingine yenye jina hilihili, kodi ya kichwa ya majimbo ya kusini mwa Marekani. Jina ni moja lakini mwenendo ni kinyume kabisa. Kule hakuna askari aliyeingia kijijini alfajiri. Hakuna aliyelimishwa barabara. Katiba ya jimbo la Mississippi ya mwaka 1890, iliyoweka kodi ya dola 2 kwa mwaka, ilikataza mtu kufunguliwa mashtaka ya jinai kwa kutoilipa. Hebu tulitafakari jambo hili. Serikali inatunga kodi, kisha inajifunga mikono yenyewe isiweze kuidai. Kodi gani hiyo?

Jibu lilitolewa na mahakama kuu ya Mississippi yenyewe, mwaka 1896. Mkusanya kodi mmoja alikuwa amekamata mali ya mtu ambaye hajalipa, mali ambayo kisheria haikuwa ya kutozwa kodi. Kesi ikafika juu. Majaji wakasema mkusanya kodi amekosea, maana walioandika katiba hawakuiweka kodi hii hasa kwa ajili ya mapato. Waliiweka iwe kizuizi katika njia ya kura. Hayo hayakusemwa na wapinzani wa kodi. Yalisemwa na majaji wa jimbo lililoitunga, kwenye hukumu iliyoandikwa, bila kuona haya.

Ili kuelewa kwa nini walihitaji njia ya kuzunguka, lazima turudi nyuma kidogo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, Katiba ya Marekani iliongezewa mwaka 1870 Marekebisho ya 15, yanayosema raia asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Wanaume weusi wakapiga kura, wakachaguliwa, wakaingia mabungeni. Waliotaka kuwaondoa hawakuweza tena kuandika neno "mweusi" katika sheria. Wakatafuta maneno mengine: ajue kusoma, awe ameishi hapa muda fulani, awe amelipa. Huko Virginia, kwenye mkutano wa katiba wa 1901 na 1902, Carter Glass, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Marekani, aliulizwa kama mpango huo si ubaguzi. Akajibu waziwazi kwamba ubaguzi ndio hasa wanaoukusudia, na kwamba mkutano ule ulichaguliwa kwa kazi hiyo: kumwondoa kila mpiga kura mweusi anayeweza kuondolewa kwa njia ya sheria, bila kupunguza sana idadi ya wapiga kura weupe.

Sasa tuangalie jinsi kizuizi chenyewe kilivyofanya kazi, maana ubaya wake umo katika mambo madogo.

Virginia ilitoza dola moja na nusu kwa mwaka. Mtu akisikia hivyo anasema, mbona si nyingi? Ngoja. Kwanza, hukulipa mwaka mmoja. Ulitakiwa uwe umelipa miaka mitatu iliyotangulia, yote. Alabama ilikuwa mbaya zaidi: mpaka mwaka 1953 deni lilihesabiwa tangu ulipofikisha miaka 21 hadi 45, likijilimbikiza, na aliyechelewa kuanza aliweza kudaiwa hadi dola 36 kabla hajaigusa karatasi ya kura. Mwaka 1938 sheria ya nchi ilipoweka kima cha chini cha mshahara, kilikuwa senti 25 kwa saa, na vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani hawakuhesabiwa humo. Ndio hao hao waliokuwa wengi miongoni mwa weusi wa kusini. Mkulima wa nusu kwa nusu, analima pamba katika ardhi ya mwingine, anakopa unga na sukari katika duka la mwenye ardhi, na mwisho wa msimu anafanyiwa hesabu na mwenye ardhi huyohuyo. Mara nyingi aliondoka na deni. Dola 36 angezitoa wapi?

Pili, tarehe. Mississippi, Alabama na Texas zilitaka kodi iwe imelipwa kufikia mwishoni mwa Januari au mwanzo wa Februari, ilhali uchaguzi mkuu ni Novemba. Unalipia kura kabla hujamjua hata mgombea. Hakuna kampeni, hakuna anayekukumbusha, na kama nilivyosema, hakuna anayekudai. Kodi ya nyumba utaletewa hati ya madai. Hii ilinyamaziwa makusudi ili uisahau.

Tatu, stakabadhi. Huku kwetu karatasi ya kodi ilikulinda na askari. Kule, kwa mtu mweusi hasa, ilikuwa hirizi ya kuingilia kwenye chumba cha kura, na ikipotea umepotea. Mississippi ilitaka stakabadhi za miaka miwili. Fannie Lou Hamer, mwanamke wa Ruleville, mtoto wa mwisho katika watoto ishirini, aliyeokota pamba tangu utotoni, alijua kwamba ana haki ya kupiga kura akiwa na miaka 44. Mwaka 1962 alikwenda kujiandikisha, na alipokataa kwenda kulifuta ombi lake akafukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi miaka 18. Hakurudi nyuma. Januari 1963 akafaulu ule mtihani wa kusoma na kufasiri katiba, mtihani uliotungwa ili watu kama yeye waanguke. Ilipofika siku ya kura akaenda. Wakamwambia: stakabadhi zako mbili za kodi ya kichwa ziko wapi? Hakuwa nazo. Akarudi nyumbani bila kupiga kura. Kila nikifika hapa katika habari yake hunilazimu kusimama kidogo. Mtu amepoteza kazi, amepoteza nyumba, ameshinda mtihani, kisha anazuiwa na karatasi mbili za dola mbili mbili.

Na msidhani weupe maskini walisalimika. Kodi haikuwa na macho ya rangi, ilikuwa na macho ya mfuko. Nyumba yenye dola chache ikiamua kumlipia mmoja, alilipiwa baba, mama akabaki. Kwa hiyo wanawake waliopata kura mwaka 1920 kwa Marekebisho ya 19, wengi wao kule kusini waliipata kwenye karatasi tu. Tena pale ambapo watu hawawezi kulipa, wapo wa kuwalipia. Texas na Arkansas zilijulikana kwa wakubwa waliolipia stakabadhi kwa mafungu na kuzigawa kwa watu wao. Kura iliyotiwa bei haikosi mnunuzi.

Kuiondoa kodi hii kulichukua miaka mingi kuliko inavyosimuliwa. Majimbo machache yaliifuta yenyewe: North Carolina mwaka 1920, Louisiana 1934, Florida 1937, Georgia 1945. Katika miaka ya arobaini Baraza la Wawakilishi lilipitisha mara tano miswada ya kuifuta katika uchaguzi wa taifa. Mara zote tano miswada ilifia Seneti, ambako maseneta wa kusini walisimama na kuzungumza mpaka muda ukaisha. Kilichopita ni sheria ya mwaka 1942 iliyowasamehe kodi hiyo askari waliokuwa vitani. Mtazame walichokiri kwa kufanya hivyo: kwamba si halali kumtoza mtu bei ya kura huku anamwaga damu. Lakini akirudi nyumbani?

Mwishowe ikachukuliwa njia ya kubadili Katiba yenyewe. Seneta Spessard Holland wa Florida, ambaye katika mambo mengine hakuwa rafiki wa haki za weusi, aliipigania hoja hii kwa miaka mingi. Bunge likaipitisha mwaka 1962, na tarehe 23 Januari 1964 jimbo la South Dakota likawa la 38 kuiridhia, idadi ikatimia. Hayo ndiyo Marekebisho ya 24. Yanasema raia asinyimwe kura kwa kutolipa kodi ya kichwa au kodi nyingine yoyote, katika uchaguzi wa rais, makamu wa rais, maseneta na wawakilishi.

Umesikia orodha ile? Gavana hayumo. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, hayumo. Diwani hayumo. Marekebisho yalihusu uchaguzi wa taifa peke yake. Majimbo manne, Virginia, Texas, Alabama na Mississippi, yakaendelea kutoza kodi kwa chaguzi zao za ndani. Virginia ikafika mbali zaidi: asiyelipa, hata kwa kura ya rais, awasilishe cheti cha kuthibitisha makazi yake, miezi sita kabla, na kila uchaguzi kipya na cheti kipya. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikibatilisha kipengele hicho mwaka 1965. Bado zikabaki chaguzi za jimbo na miji.

Na hizo ndizo zinazomgusa mtu. Katika mji wa Norfolk, Virginia, mwaka 1958 gavana alifunga shule sita za weupe, wanafunzi wapatao elfu kumi wakabaki nyumbani, ili tu watoto weusi 17 wasiingie humo. Uamuzi wa namna hiyo hautoki Washington. Unatoka kwa watu wanaochaguliwa jimboni.

Norfolk ndiko alikoishi Evelyn Butts. Mshonaji wa nguo. Shule hakuimaliza. Mumewe alirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia akiwa na ulemavu, watoto wa kike watatu, na cherehani ndiyo iliyosaidia kuiendesha nyumba. Mwaka 1963 alifungua kesi kupinga kodi ya kichwa ya Virginia. Wakili wake, Joseph Jordan, alikuwa kijana mweusi wa mji huohuo, naye alijeruhiwa katika vita hivyo na alifanya kazi yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kaskazini zaidi, katika wilaya ya Fairfax, mama mwingine, Annie Harper, aliyekuwa ameshastaafu kazi za majumbani, akafungua kesi kama hiyo pamoja na wenzake. Mahakama ya chini ikawakatalia wote kwa sababu mwaka 1937 Mahakama ya Juu ilikwisha kusema, kwa kauli moja, kwamba kodi ya kichwa ya Georgia haivunji Katiba. Kesi zikaunganishwa, zikasikilizwa Washington Januari 1966. Thurgood Marshall, aliyekuwa wakili mkuu wa serikali mbele ya mahakama hiyo, alisimama kuwaunga mkono.

Hukumu ilitolewa tarehe 24 Machi 1966, majaji sita dhidi ya watatu. Jaji William Douglas aliandika kwamba utajiri, kama ilivyo rangi na dini, hauna uhusiano na uwezo wa mtu kushiriki uchaguzi kwa akili zake. Kuweka mali au ada kuwa kipimo cha mpiga kura ni kuingiza jambo lisilohusika. Hukumu ya 1937 ikawekwa kando.

Ningependa tuwasikilize na watatu waliokataa, maana hawakuwa wajinga. Jaji Hugo Black alikuwa mtu wa Alabama, na ndiye pekee aliyekuwamo katika mahakama ile ya 1937. Alisema haipendi kodi hii, ila kazi ya kuifuta ni ya Bunge au ya wanaobadili Katiba, majaji wasijipe madaraka hayo. Hoja hiyo naiheshimu ingawa naikataa: ukimwambia mtu aliyezuiwa kupiga kura kwamba dawa yake iko bungeni, umemtuma kwenye mlango uleule aliofungiwa. Jaji Harlan naye alikumbusha kwamba kwa muda mrefu Wamarekani wengi waliamini kuwa mwenye mali kidogo ana uchungu zaidi na jamii yake, ni mwelewa zaidi, anaaminika zaidi, na akasema si kazi ya mahakama kuifuta imani hiyo.

Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikalikumbuka kopo la babu. Kwa sababu maneno hayo tuliwahi kuambiwa na sisi.

Mwaka 1958, Tanganyika ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amefika darasa la nane, au awe na cheo kilichotajwa. Shilingi 250 kwa mwezi! Juu ya hapo, kura ilikuwa tatu: umchague Mwafrika, Mzungu na Mhindi, la sivyo karatasi yako imeharibika. Mnakumbuka TANU ilivyotaka kupasuka kwa jambo hilo, mpaka mkutano wa Tabora wa Januari mwaka ule ulipokata shauri kuingia katika uchaguzi wenye masharti hayo, na Zuberi Mtemvu, mwanachama aliyeyapinga masharti hayo, akajitoa. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni tisa. Waliojiandikisha hawakufika laki moja. Jirani zetu Kenya, mwaka 1957, walipewa mpango wa Mwafrika mmoja kuwa na kura hadi tatu kwa kadiri ya elimu, mali na utumishi wake, huku wengi wakikosa hata moja.

Babu yangu aliishia darasa la nne. Shilingi 250 kwa mwezi hakuwahi kuzishika. Kodi alilipa kila mwaka, na ushahidi upo katika kopo. Kwa hiyo mwaka 1958 mtu huyu alikuwa mwema kiasi cha kutozwa, ila hakuaminika kiasi cha kuulizwa. Alipiga kura yake ya kwanza baada ya Uhuru, wakati kilichotakiwa ni umri na uraia tu. Ndiyo maana Ibara ya 5 ya Katiba yetu, inayompa kila raia aliyefikisha miaka 18 haki ya kupiga kura, mimi siisomi harakaharaka.

Nimebakiwa na jambo moja, halafu tuingie kwenye maswali. Msije mkadhani kwamba Machi 1966 ndiyo mwisho wa habari. Novemba 2018 wapiga kura wa Florida, zaidi ya asilimia 60, waliamua kwamba watu waliomaliza vifungo vyao warudishiwe haki ya kupiga kura, isipokuwa waliohukumiwa kwa mauaji na makosa ya kujamiiana. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria kwamba kifungo hakijaisha mpaka mtu alipe faini na gharama zote za mahakama. Mamia ya maelfu ya watu wakarudi nje ya mlango. Jaji mmoja wa shirikisho, Robert Hinkle, aliposikiliza kesi hiyo mwaka 2020, aliuita mpango huo mfumo wa kulipa ili upige kura, akaubatilisha kwa sehemu kubwa. Septemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake, sita kwa wanne, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais.

Katika kesi ile lilijitokeza jambo ambalo lingemshangaza hata babu. Jimbo halikuwa na daftari moja la kumwonyesha mtu anadaiwa kiasi gani. Rekodi zilitawanyika katika ofisi za wilaya, nyingine za miongo mingi iliyopita, nyingine hazipatikani. Mtu anakwenda dirishani na fedha mkononi, anauliza deni lake ni shilingi ngapi, na karani hajui. Na akijiandikisha huku akiwa na deni analolijua, hilo ni kosa la jinai.

Naona mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kura tatu. Tuanze na yeye, mpelekeeni kipaza sauti.